Malalamiko Kuhusu Kaka Yangu Kufundishwa Kuongea

Free Area, Nakuru

Kwa Daktari Msimamizi wa Kliniki,

Pokea heshima zangu. Mimi ni Quincy Nyongesa, mdogo wake Sitati, mgonjwa wenu wa skizofrenia. Miaka kumi na moja mmemtibu kwa dawa peke yake na hatukulalamika. Anazimeza mpaka leo. Sina ugomvi na dawa. Ugomvi wangu ni na mshauri wenu, Bi. Jemutai, anayekaa naye kila Alhamisi wakiongea tu. Malalamiko ni haya:

1. Zamani ukimuuliza kuhusu dawa, mimi ndiye niliyejibu, "Ziko sawa." Sasa amejisemea mwenyewe kwamba zinaufanya ulimi wake uwe mzito, nawe ukampunguzia. Mimi nikabaki kwenye benchi kama mwavuli uliosahauliwa.

2. Zile sauti bado zinamjia, lakini siku hizi anaziambia zingoje amalize kufua, na zinangoja. Sisi tulizikemea kwa maombi ya siku tatu, na spika za kukodi, na hazikutuheshimu hata kidogo.

3. Firigisi. Kwetu, Daktari, firigisi ya kuku ni ya mkubwa wa boma. Kwa kuwa yeye alikuwa kimya, nimeila mimi miaka yote hiyo, na wageni tukawaambia kwamba yeye haipendi. Krismasi alinyoosha mkono akaichukua. Mama akalia kwa furaha, jambo ambalo pia nalilalamikia.

4. Juzi, mbele ya shangazi Nanyama, aliniuliza: "Quincy, kwani wewe huniogopa?" Nimekuwa nikificha visu tangu mwaka ule alipougua, na kumbe alikuwa akiona. Hajawahi kumgusa mtu.

Kwa hivyo naomba arudishiwe matibabu ya zamani: ameze, alale, nasi tumsemee. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi tulikuwa tumeridhika na kimya, mshindo hatukuuagiza.

Wasalimie wauguzi wote, na mzee wa geti.

Wako kwa adabu na masikitiko,
Quincy Nyongesa

N.B. Tumesikia Bi. Jemutai anahamishiwa kliniki ya Olenguruone, kule milima ya Mau. Daktari, nakusihi usimwache aende. Ikishindikana, nitumie siku zake za huko. Nitampeleka Sitati mimi mwenyewe, hata mvua ya Mau ikinyesha. Na Bi. Jemutai aweke viti viwili. Kuna jambo ninalotaka kumwambia kaka yangu, na peke yangu nimejaribu nikashindwa.