Pua ya Bosi na Kitunguu Saumu

Jumatatu, tarehe 4
Daftari hili ni la mume wangu, Baba Bosi, la kuandikia zamu za wateja. Tangu afungue kibanda chake cha kunyolea kaandika mteja mmoja tu, basi nimelichukua. Mwalimu wangu wa darasa la tano alisema nakula herufi kama karanga. Hapa hakuna wa kusahihisha.

Habari mbaya. Mama mkwe anakuja Jumapili. Kasema kwenye simu kwamba akimkuta mjukuu wake na kamasi tena, anaondoka naye, akakae kwake mpaka atembee. Bosi ana miezi minane. Kutembea ni lini? Baba Bosi kasema mama yake anatania. Mama yake hajatania tangu azaliwe.

Bosi ana mafua wiki nzima sasa. Pua bomba.

Nimemuuliza jirani wa ukutani, Mama Pacha, wanawe wanafanyaje hata hawapigi chafya. Kajivuna. Kitunguu saumu, mwenzangu, kwani kwenu hawakukwambia? Nimecheka naye. Moyoni sikucheka.

Jumanne, tarehe 5
Nimetunga punje saba kwenye uzi. Wanasema saba, si sita wala nane. Nikamvisha Bosi shingoni. Hufukuza mafua, kijicho na vingine vipitavyo hewani. Bosi kautia mkufu mdomoni, kakunja uso, kautema. Kaurudia.

Kliniki, nesi kaukata uzi kwa mkasi hata sijakaa. Kasema uzi shingoni unanyonga mtoto, na kitunguu kibichi kinaunguza ngozi yake. Nimnyonyeshe, nimsafishe pua kwa matone ya maji ya chumvi aliyonipa, mafua yataisha yenyewe. Nimeitikia yote. Sijamaliza kuitikia, wazo lingine likanijia.

Punje nimezitundika mlangoni. Mama Pacha kapita, kauliza tunafukuza mashetani au wageni. Nikajibu, yeyote atakayekuja Jumapili. Ulimi wangu huu! Maneno yatafika.

Jumatano, tarehe 6
Wanasema kipande cha kitunguu saumu kwenye unyayo huvuta baridi yote ya mwili. Nesi kamkatazia Bosi. Baba yake hakumtaja. Na hao wanapokezana mafua, kitanda kimoja. Nimemtia vipande kwenye soksi, viwili kila mguu. Kaenda kazini hana habari.

Mteja wa kwanza kauliza kama nyuma ya kibanda kuna mgahawa. Wa pili kaondoka na nusu ya ndevu. Baba Bosi kanusa mikasi, kanusa taulo, mwisho kamnusa mteja. Jioni kavua viatu. Hasemi na mimi. Ila hajapiga chafya hata moja. Nimemwonyesha hilo. Hasemi na mimi.

Alhamisi, tarehe 7
Nimefikiri sana. Kwa nini kikaitwa kitunguu saumu? Saumu ni kufunga! Siri ndiyo hiyo, wanaokila na chakula wote wanakosea. Nimefunga tangu alfajiri. Saa sita mchana nikatafuna punje tano kavu, dawa ipite kwenye maziwa. Machozi. Tumbo likanguruma kama pikipiki.

Bosi kanyonya, kaachia, kanitazama kama mtu aliyepewa chai ya chumvi. Kisha karudi, kanyonya pande zote mbili. Mwanangu mimi. Nimembusu. Kageuza uso.

Ijumaa, tarehe 8
Nimepika mafuta ya kitunguu saumu. Si ya kumpaka, nesi nilimsikia. Ni ya kukaa wazi chupani kando ya kitanda, harufu ifanye kazi. Nikatoka kuanika nepi. Kurudi, chupa haipo. Baba Bosi kaichukua akidhani mafuta ya nywele, kampaka mteja mwenye kipara! Mteja kafurahi. Kasema kichwa kinawaka, ishara kwamba nywele zinakuja.

Nimepika mengine. Safari hii nimebandika karatasi: jina la dawa, jina la mwenyewe. Karatasi yenyewe kona ya bahasha, nikabana herufi. Kalamu nyekundu. Hakuna atakayekosea tena.

Jumamosi, tarehe 9
Pua kavu! Nimeikagua mara kumi na moja. Bosi kachoka kukaguliwa, kanizaba kofi. Nguvu zimerudi.

Nimelia kidogo jikoni. Tangu Jumatatu nilikuwa nimeficha fulana yake moja chini ya mto wangu, ibaki na harufu yake endapo ataondoka. Leo nimeirudisha kwenye nguo zake.

Pacha wa jirani wanapiga chafya, wote wawili, kwa zamu. Nimempelekea mama yao punje moja kwenye kisahani, kwa uso wa huzuni. Uso huo niliufanyia mazoezi kwenye kioo.

Jumapili, tarehe 10
Mama mkwe kafika saa tatu asubuhi. Hakusalimia mtu, kasalimia pua. Kaifuta kwa leso nyeupe, kaipeleka leso dirishani kwenye mwanga. Nyeupe. Kaifuta tena. Nyeupe. Kaketi kitandani na mjukuu wake, akitafuta kosa lingine. Macho yakatua kwenye chupa. Kaiinua, kasoma polepole:

“Sumu ya Bosi.”

Baba Bosi kaitazama chupa, kanitazama mimi. Mama mkwe kasimama, Bosi kwapani, mguu mmoja tayari nje.

“Mama, ni saumu! Herufi moja tu imebanwa.”

“Saumu? Mtoto wa miezi minane unamfungisha?”

“Saumu ya kitunguu, mama.”

Hakuamini. Nikampokonya chupa, nikanywa mafunda mawili mbele yake. Uchungu wa mwana. Kasubiri nife. Sikufa. Kainusa chupa. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka! Kasema utotoni Baba Bosi alinuka hivi hivi, shule nzima ikamwita Mchuzi. Baba Bosi katoka nje.

Kisha kafuta machozi, kasema mtoto hamchukui. Nikamwangukia miguuni. Hamchukui, kasema, kwa sababu anahamia yeye hapa mpaka Bosi atembee. Nyumba hii inahitaji mtu wa kusoma chupa.

Jumatatu, tarehe 11
Mama mkwe kaamka na mafua, kanywa chai, karudi kulala. Kayapata kwa Mama Pacha, alikokwenda jana kusimulia habari ya chupa. Walicheka saa nzima. Ukuta ni mwembamba.

Sina kinyongo. Akipona kwa mkono wangu ataniheshimu. Na aliyepona huenda kwao. Nimempikia mafuta yake.

Safari hii nimekuwa mjanja, neno saumu sijaligusa kabisa. Karatasi ni kona nyingine ya bahasha ile ile, kwa hiyo nimepanga kwanza. Mbele, mstari wa juu: DAWA YA KUUA. Neno mafua halikuenea, nimeliandika nyuma, liko wazi kwa yeyote atakayeigeuza chupa. Mbele tena, chini, kwa herufi kubwa, jina la mwenyewe: MAMA MKWE.

Nimeiweka kando ya mto wake. Bado amelala. Atafurahi akiamka.