Wimbo Nilioutupa Chumba Namba Nne

Jumatatu, 20 Mei 1878
Nimefungiwa! Siku ishirini na tano, kitanda, piano na dirisha lenye nondo. Tuko watunzi sita, kila mmoja na chumba chake, wote na shairi moja: malkia anamlilia mumewe aliyezama. Atakayelitungia muziki bora anapelekwa Roma na serikali. Mimi Agosti natimiza thelathini, na sheria haitaki wa thelathini. Nikikosa, paroko wa mji mdogo wa Pithiviers ananingoja nikapige kinanda cha mazishi mpaka zamu yangu ifike. Jirani yangu ni Aristide Maillefer. Ana miaka ishirini na miwili na nywele nyingi. Simpendi.

Ijumaa, 24 Mei
Mvua. Nimemkumbuka mama, aliyefariki Februari. Alipofua nguo aliimba kwa pua wimbo usio na jina. Vidole vyenyewe vikaenda kwenye piano, ukatoka wimbo wa malkia: sauti nne zinapanda, moja inashuka, basi. Nililia. Kisha akili ikanirudia. Niwaimbie wazee wa Akademia, waamuzi wetu, wimbo wa kufulia? Nimeuimba mara kumi, tena kwa nguvu, nihakikishe kuwa ni mbaya. Ni mbaya. Nimeuchana.

Jumatano, 29 Mei
Mungu hamtupi mja wake! Ukuta ni wa mbao. Kila asubuhi Maillefer anapiga wimbo mmoja wa fahari, una madaha kama bibi harusi. Nimeegesha bilauri ukutani na kunakili wote. Bwana Pichot, mlinzi wetu, akanikuta nimesimama juu ya kitanda, sikio kwenye bilauri. Nikamwambia nasikiliza panya.
“Haya bwana,” akasema, “panya wa huku siku hizi wanapiga piano?”

Jumanne, 4 Juni
Chakula cha pamoja. Kuzungumzia kazi ni marufuku. Maillefer akaniuliza mbona siimbi tena. Nikasema koo linauma. Akasikitika sana, akanisogezea supu yake. Mjinga yule! Wimbo wake nimeshauingiza mara tatu, ya tatu kwa ngoma.

Alhamisi, 13 Juni
Nimekabidhi. Nimetoka nje, jua limeniumiza macho. Nimepita dukani kutazama sanduku la safari.

Jumamosi, 29 Juni
Siku nyeusi. Wazee walikaa, waimbaji wakasimama, wakaanza na kazi yangu. Wimbo wa fahari ulipoingia, mwenyekiti, mzee Delorge, alikinga mkono sikioni. Ulipoingia tena akawa mwekundu. Mara ya tatu akagonga fimbo chini na kuuliza nani amenituma kumdhihaki. Kumbe ni wa kwake! Umo kwenye opera yake iliyozomewa miaka thelathini iliyopita, ikafungwa siku ya tatu. Maillefer huupiga asubuhi kunyoosha vidole tu.
Ikaja zamu ya Maillefer. Malkia akafungua kinywa. Sauti nne zikapanda, moja ikashuka. Mama yangu! Wazee wakatoa leso. Delorge alilia waziwazi. Nilitaka kusimama niseme, lakini niseme nini? Karatasi niliichana kwa mkono wangu. Maillefer ameshinda kwa kura zote. Nje alinikumbatia, akaninong’oneza: “Kaka, ule ukuta mwembamba sana. Nilijua huutaki wimbo ule.”
Nimerudi kwa miguu. Nimelala na viatu.

Jumapili, 11 Agosti, Pithiviers
Jana tulimzika mwokaji mikate. Mjane akaomba nimpigie kitu chochote cha upole. Vidole vikaenda vyenyewe. Kanisa zima lililia. Baadaye mjane yule akanishika mikono yote miwili, akauliza wimbo ule ni wa nani. Nikamwambia ni wa Maillefer, yule aliyeko Roma. Akasema Mungu amzidishie kijana huyo. Uchungu ulinijaa, nikashindwa kula.
Leo nimekaa nikajichunguza kwa ukweli, maana asiyejua kosa lake hulirudia. Kosa langu nimeliona: bilauri. Bilauri haileti sauti zote. Upande wa pili wa ukuta wangu mke wa fundi viatu huimba akimenya viazi, vitu vizuri ajabu. Nimeazima funeli ya bati.
Nina wimbo mdogo umenijia tangu asubuhi, ila unanisumbua, simsikii vizuri yule mke wa fundi viatu. Nimeuchana.