Meya wa Gati la Kanisa

Jumatatu, 13 Aprili

Nimemwona! Kando ya gati la kanisa, maji ya kiunoni, jua linapiga hadi chini. Samaki wa ziwani, besi wa mdomo mpana, mnene kama Wendell wangu wa miezi minane, na Wendell si mtoto mwembamba. Ana doa jeusi juu ya jicho. Amekaa kwenye kiota kilichofagiliwa mchangani kama mtu aliyechaguliwa kwa kura nyingi. Nimempa jina: Meya. Kuna pia kijisamaki kinamzungukazunguka kama karani. Hicho sikukitilia maanani.

Nilikwenda pale kumtuliza Wendell, meno yanamsumbua. Dada yake Josie, ana miaka minne, akaokota jiwe. Nikamshika mkono. Nikamwambia asirushe, samaki amelala. Akauliza mbona samaki analala na mama halali. 

Jumamosi ni mashindano ya uvuvi ya wanawake. Mwenye samaki mzito kuliko wote anapewa nyumba ya mbao ya Mzee Odell wa duka la chambo, wikendi nzima, peke yake. PEKE YAKE! Kitanda. Pazia zito. Mlango wenye komeo. Sijalala usingizi wa kunyooka tangu Wendell azaliwe. Jana nilitia viatu vya mume wangu Dwight kwenye friji na maziwa kabatini. Wako wanawake wanaotamani dhahabu. Mimi natamani komeo.

Shida ya kwanza: wiki ya mashindano ni mwiko kutia ndoano majini hadi honi ilie Jumamosi. Shida ya pili: Twyla, wifi yangu. Ameshinda mara tatu mfululizo. Boti yake inang'aa hadi unatafuta miwani. Hana mtoto, anaamka jua likiwa utosini, halafu eti anashindania pa kulala!

Mpango: Meya asionwe na mtu hadi Jumamosi. Rahisi.

Jumanne, 14 Aprili

Nimeanika nepi zote za Wendell kuzunguka gati, kama pazia. Nimefunga kamba toka nguzo hadi nguzo. Hakuna anayeona maji sasa. Kazi safi sana.

Twyla akapita na boti yake. Akapunguza mwendo. Akauliza, wifi, mashine ya kufulia imekufa lini, mbona hatukuitwa mazishini? Nikamwambia upepo wa ziwa unaua vijidudu. Akasema kweli kabisa, ila vijidudu vya nyumbani kwangu vimeshazoea. Akacheka peke yake. Macho yake yalikuwa majini muda wote.

Hizi nepi hazitoshi.

Jumatano, 15 Aprili

Chakula cha jioni kanisani, kama kila Jumatano. Kuku wa kukaanga, mkate wa mahindi, maharage ya mama mkwe. Mama mkwe wangu, Bi. Nadine, ana moyo wa dhahabu na mdomo usio na kifuniko. Nikamsogelea. Nikamnong'oneza kwamba nimeona nyoka wa sumu gatini, ila asimwambie mtu, watoto wataogopa.

Kabla sijamaliza kumlisha Wendell, nyoka alishakuwa mrefu kama gari la Dwight. Kufika wakati wa keki, alikuwa na mke. Mchungaji Haskew akatangaza gati limefungwa, na watakaobatizwa Jumapili wavumilie.

Nilikula vipande viwili vya keki. Mtu mwenye akili hupata njaa.

Alhamisi, 16 Aprili

Balaa! Sikuwafikiria wanaume. Wamekuja gatini asubuhi na makasia, reki, bunduki mbili, na mmoja na sufuria, sijui ya nini. Mbele kabisa, mume wangu! Aliyekataa kuua buibui bafuni!

Nikasimama kati yao na maji, Wendell kiunoni. Nikawaambia nyoka amehama. Dwight akauliza kahamia wapi. Ulimi wangu ukasema kwa Twyla. Sikuutuma.

Wote wakakimbilia gati la Twyla. Nikasikia mlio wa bunduki. Wamepiga risasi mpira wake wa kumwagilia maua. Ulikufa papo hapo.

Twyla kanipigia simu. Akasema anajua aliyewatuma ni mimi, na anajua sikuwatuma bure. Akasema, wifi, mtu haanikii nepi ziwani kama hakuna kitu cha kufunikwa. Nikamwambia mtoto analia. Wendell, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa kimya.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimechungulia kati ya nepi. Meya yupo. Lakini ofisini hapako sawa. Yeye na karani wanasukumana ubavu kwa ubavu, wanatetemeka, wanazunguka kiota. Karani hana adabu kabisa, anamgonga mkubwa wake tumboni! Nilitaka kuingilia kati. Baadaye nikaona waamue wenyewe. Mimi ninachotaka ni Meya mmoja, kesho, honi ikilia.

Dwight ameahidi kubaki na watoto wote wawili. Nimempa maelekezo mara nne. Ameitikia mara nne akitazama mpira wa kikapu.

Jumamosi, 18 Aprili

Wendell hakumtaka baba yake. Hakumtaka bibi yake. Nikamfunga mgongoni, nikaenda kushindana.

Honi ikalia jua likichomoza. Boti zote zikaondoka kwa kishindo, za wenzangu wote. Mimi nikatembea hatua zangu taratibu hadi gatini, nikacheka. Nikasogeza nepi. Nikatazama.

Meya hayupo!

Karani tu. Kakaa katikati ya kiota, kifua mbele, kama amerithi. Nikapandwa na hasira. Nikateremsha chambo cha mpira mbele ya pua yake. Akakidaka kabla hakijagusa mchanga. Nikamvuta. Mwepesi kama soksi. Hata urefu wa kuruhusiwa hana.

Hapo ndipo Bi. Nadine alipopiga kelele toka ukingoni, na kwa mdomo ule sauti inafika ng'ambo ya ziwa. "Mrudishe baba wa watu!"

Nikauliza baba gani. Akaja mbio na viatu vyake vya kanisani. Akasema, mwanangu, umeolewa ziwani miaka mitano, hujui? Mdogo ndiye baba. Mkubwa ni mama. Mama anakuja, anataga, anaondoka zake maji marefu kupumzika. Baba ndiye anayebaki na watoto. Anakaa hapohapo, hali, hasogei, anafukuza kila kinachokuja.

Nikamwomba arudie sehemu ya mama anaondoka kupumzika. Akarudia. Nikakaa chini.

Nikatazama majini. Vijisamaki vya kila rangi vilishajaa kiotani, vinadonoa. Mayai! Kama shanga, yamenata kwenye vijiwe. Watoto wa mtu, na baba yao mkononi mwangu na ndoano mdomoni!

Nikamtoa ndoano polepole. Nikamwomba radhi. Nikamshusha majini, lakini alikuwa na kizunguzungu, akabaki ameinama pembeni hajui aanzie wapi. Namjua mtu wa hivyo. Hawezi kazi mwanzoni, lakini akishikwa mkono anaweza. Nikampa Bi. Nadine Wendell, alie asilie. Nikaruka majini na nguo zangu, nikashika kasia, nikawa nafukuza vile vidonoaji. Ondokeni! Haya, kwenu! Hapa kuna watu wamelala!

Mchungaji Haskew akapita, akauliza kama ndiye yule nyoka. Nikamwambia ni baba mmoja anahitaji msaada. Akasema atatuombea.

Karani alipopata nguvu alirudi kiotani, akaanza kuwafukuza mwenyewe. Kisha akanifukuza mimi. Akaniuma kidole cha mguu! Nilijisikia fahari kama nimemzaa.

Saa ya mizani nikaenda nimelowa, mkono mtupu. Twyla akatoa samaki wake kwenye tangi la boti. Tumbo limelegea. Doa jeusi juu ya jicho. Meya! Paundi nane, na hapo keshataga. Twyla akasema alimkuta maji marefu, mbele kidogo ya gati la kanisa, amejiegemeza kwenye gogo, anasinzia.

Anasinzia! Mama kaacha watoto kwa baba mara moja, mara moja tu, kafunga macho, na wifi yangu kamwamsha!

Walipomrudisha ziwani nilimpungia mkono, machozi yakinitoka. Watu wakadhani nalia kwa kushindwa.

Jumapili, 19 Aprili

Ubatizo umefanyika upande wa pili wa gati. Nimehakikisha mwenyewe.

Mchana Twyla akaja nyumbani na ufunguo wa Mzee Odell. Akasema nichukue. Akasema kile kitanda anakijua hadi spring zake, na Bi. Nadine kamweleza habari za kasia. Bi. Nadine atakaa na watoto, maziwa ya chupa yapo, Dwight keshaapa. Sharti moja tu: nisivue. Nisitazame hata maji. Nilale.

Mimi? Kupokea sadaka ya wifi? Nikamkatalia kwa heshima zote. Nikamwambia sina usingizi hata kidogo. Nadhani nilikuwa katikati ya neno "kidogo" niliposinzia nimesimama, nikaegemea mlango, mlango ukafunguka.

Nilipoamka ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu.

Ijumaa, 24 Aprili

Nimefika! Nimefunga komeo. Nimelifungua, nimelifunga tena, kwa raha tu. Hakuna anayeniita. Shuka nyeupe. Nimelia kidogo. Nimewakumbuka wanangu kwa dakika kama kumi, nikaacha.

Nilikwenda kufunga pazia. Bahati mbaya dirisha linatazama ziwa.

Chini ya gati la hapa kuna kiota. Na juu yake kuna jike, najua sasa kuwa ni jike, mimi si mjinga tena. Karibu mara moja na nusu ya Meya!

Sivui. Sharti ni sharti. Lakini ataondoka kwenda maji marefu kupumzika, na anayejua anapumzika wapi ndiye mshindi wa mashindano yajayo, ya Oktoba. Hili Twyla hakuwahi kuliwaza. Kumtazama samaki tu si kuvua, wala si kutazama maji. Nimeburuta godoro hadi gatini.

Jumapili, 26 Aprili

Sijafumba jicho tangu Ijumaa. Yule mama aliondoka leo alfajiri, nikamfuata na mtumbwi wa Mzee Odell, nikampoteza kwenye magugu. Nguvu zimeniisha. Siwezi hata kuinua kalamu vizuri.

Mzee Odell alikuja kuchukua ufunguo. Akaniangalia uso, akauliza kulikoni. Nikamwomba wikendi nyingine, nipumzishe mwili baada ya hii.