Flashi Yetu Inasoma, Haiandiki

Natangaza kwa akina mama wote, kuanzia Newala mjini, Mkunya na Kitangari mpaka kule chini Masasi, wenye watoto na wanaotarajia: Kitengo cha Utunzaji na Usambazaji wa Majina kimepata mafanikio makubwa. Kwa mara ya kwanza, kifaa cha ofisi kimeandikishwa darasa la kwanza. Mwenye kigelegele akipige sasa, maana mbele huko nafasi itakuwa ndogo.

Mimi nimesoma mpaka la saba, nikaishia hapo. Lakini nilipohamia tu huku walinichagua mjumbe wa kamati ya shule, kwa hiyo haya si maneno ya kuokota kwenye foleni ya maji. Nayaandika ili mwenzangu akikutwa na flashi mbovu ajue pa kukimbilia, na zaidi ajue pa kutokimbilia.

Jambo lilianza na mwanangu Brigita. Tulikuwa tunakaa Masasi, pale Mkomaindo, nauza vitumbua. Mama yangu akaugua, nikapanda huku Newala kumtunza, na Brigita nikaja naye akiwa la saba. Sasa mtoto akihama, jina lake nalo lazima lihame, na majina hayapandi basi. Yanapanda flashi. Flashi ya Kitengo ni moja, nyeusi, ndogo kama kidole gumba. Jina la mtoto linaandikwa humo, flashi inashushwa Masasi kwenye Ofisi ya Upokeaji wa Majina, wanalipokea na kulihamishia huku, mtoto anafanya mtihani. Jina lisipofika kabla ya mwisho wa mwezi, mtoto anabaki nyumbani kupulizia mikorosho ya watu. Utaratibu ni mzuri, haujawahi kumsumbua yeyote aliyeutunga.

Nikaenda ofisini. Mkuu wa Kitengo ni Bwana Cecil, mtu wa kuja, msomi, anavaa suti hata siku za vumbi. Nilimwamkia shikamoo ingawa nimemzidi miaka. Cheo nacho kina umri wake.

"Marahaba, Mama Brigita. Lete jina."

Nikalitaja. Abdulazizi, ambaye ndiye Afisa Kompyuta, akachomeka flashi, akabonyeza, akatazama. Akaichomoa, akaipuliza, akaichomeka tena.

"Mkuu, inagoma. Inasema imelindwa, haikubali kuandikwa."

"Imelindwa na nani?" Mkuu akauliza, na macho yake yakaenda mlangoni alipokaa mgambo.

Mgambo akasimama. "Si mimi, Mkuu. Mimi nalinda pikipiki."

Abdulazizi akafanya kazi yake, namshuhudia. Ubavuni mwa flashi kuna kitufe kidogo cha kufunga na kufungua. Akakisukuma kwa ukucha huku, akakisukuma kule. Bado. Akaipeleka kwenye kompyuta ya mhasibu. Bado. Akawinda virusi, akaiomba ijifute yote ianze upya, ikakataa hata hilo. Mwisho akafuta jasho.

"Mkuu, hii imechoka. Flashi ikichakaa inajifunga yenyewe ili yaliyomo yasipotee. Ya zamani yote yanasomeka, ila jipya haipokei. Dawa yake tunakili yaliyomo, tununue nyingine. Dukani hapo chini zimejaa."

"Ngoja kwanza," akasema Mkuu. "Kusoma inasoma?"

"Inasoma vizuri."

"Na kuandika?"

"Haiandiki."

Mkuu akaegemea kiti chake. Hapo ndipo nilipojua kwa nini wengine wanapewa ofisi na wengine tunapewa benchi la nje.

"Inasoma, haiandiki," akarudia polepole. "Abdulazizi, huo si ubovu. Huko ni kutojua."

Akavuta droo, akatoa waraka, akatusomea: yeyote atakayebainika kusoma bila kuandika, aandikishwe darasa la kwanza, apewe stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu bila kuchelewa.

"Mkuu, huo ni wa watu," akasema Abdulazizi.

"Umeona neno mtu hapo? Umeandikwa yeyote. Au wewe unataka kubagua?"

Abdulazizi ana mke, ana mkopo wa bodaboda. Akasema hataki kubagua.

Nikajipenyeza. "Mkuu, mimi nyumbani nina flashi ya kwaya. Nyimbo zimo chache tu, nafasi ipo tele. Tungeliweka humo jina la mtoto."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia benki. "Mama Brigita, hiyo flashi yako imeajiriwa na nani?"

Kweli haijaajiriwa.

Basi flashi ikapelekwa shuleni kwetu kwa gari la Kitengo. Mwalimu Bernadeta wa darasa la kwanza ni mwanamke asiyebishana na amri, anazitekeleza mpaka zinajuta. Akauliza sare iko wapi. Ikashonwa: kifuko cha bluu chenye ukosi mweupe. Akauliza mzazi ni nani, maana mtoto haandikishwi bila mzazi. Abdulazizi akatazama dari. Mkuu akacheka kwa raha.

"Mali yote ya Kitengo iko chini yangu. Andika mimi."

Akatia saini, ndefu, yenye mkia.

Jioni yake likabandikwa tangazo kwamba ni marufuku kusema flashi "iko". Kuanzia leo "yuko". Si "imepotea", ni "amepotea". Mwanafunzi si kitu. Mgambo alisahau akasema flashi imeanguka, akaitwa kutoa maelezo kwa maandishi, na kwa kuwa maelezo huandikwa ndani ya Flashi, naye haandiki, akasamehewa.

Flashi akapewa dawati la mbele, kwa kuwa ni mfupi. Kila asubuhi Mwalimu anaita majina, anaita na Flashi, watoto wanamjibia kwa pamoja, "Yupo." Brigita wangu hakuitwa, kwa sababu jina lake lilikuwa bado halijahama. Na asiyeitwa hana dawati. Alikuwa anakaa kwenye sakafu ya la saba, daftari juu ya goti.

Jirani yangu Zabibu akaja kunitazama. "Mama Bligita, ati ntoto wako anakaa chini, kale kadude kanakaa kwenye dawati?"

"Usimwite kadude. Ni mwanafunzi."

"Na uji anakunywa?"

"Anagawiwa kikombe chake. Mgambo ndiye anayemsaidia kunywa."

"Basi ana afya, huyo ngambo," akasema Zabibu.

Tulicheka, lakini mwenzenu nilikuwa nahesabu siku. Mwezi ulikuwa unaisha. Kila nikienda ofisini Mkuu ananituliza: elimu haina papara, Mama Brigita, akishajua kuandika, jina la kwanza litakuwa la mwanao. Siku moja nikamkuta Brigita anatazama bomba la kupulizia salfa la mjomba wake, analijaribu mgongoni kama mtu anayejaribu gauni.

"Weka chini hilo," nikamwambia.

"Mama, si naangalia tu kama naliweza."

Ukafika wakati wa kupimwa la kwanza. Mwalimu Bernadeta akatoa imla, akatembea kati ya madawati, akasimama mbele ya Flashi kwa muda wa kutosha, akaandika taarifa: Mtulivu. Hapigani. Hajaandika kitu. Kisha akamwita mzazi.

Hapa niwaeleze wageni. Mwaka jana Mkuu aligundua kwamba watoto wa la kwanza hawajui kuandika kwa sababu ya uzembe wa mama zao. Akatoa amri yenye mhuri: mtoto akishindwa, mzazi wake akae naye darasani, amshike mkono waandike pamoja, na kazi ihesabiwe ni ya mtoto, mpaka ajue. Akina mama wa hapa walikaa, magoti yamegusa kidevu, huku korosho zinaoza shambani. Hakuna aliyewahi kuuliza kama amri hiyo inawahusu akina baba, maana hakuna baba aliyewahi kuitwa.

Mkuu alikuja na suti akidhani anakuja kukagua. Nami nilikuwepo, kwa niaba ya kamati.

"Karibu, Baba Flashi," akasema Mwalimu.

Darasa zima likasimama. "Shikamoo, Baba Flashi."

Huku kwetu mtu mwenye mtoto haitwi kwa jina lake. Ni heshima, na huwezi kuikataa bila kumkana mtoto.

"Mwalimu, mimi ni Mkuu wa Kitengo."

"Ofisini, ndiyo. Hapa ni mzazi. Kaa."

Angeweza kuifuta amri yake, msidhani hana uwezo. Lakini amri haifutwi mpaka kibali kitoke Masasi, na maombi ya kibali yanapelekwa Masasi kwa flashi. Akakaa. Dawati likalia. Mwalimu akampa kalamu mkono mmoja, mwanawe mkono wa pili.

"Imla ya leo," akasema, "ni majina ya watoto waliohamia. La kwanza: Brigita."

Kumbe mwanamke yule alikuwa ameshafika mbali, sisi bado tunafunga viatu.

Mkuu akaandika. Tangu apate cheo, alichokuwa anaandika ni saini tu, mengine anaandikiwa. Mwalimu akainama kutazama.

"Hapa naona Burigita. Huyo ni nani?"

Nikaona mkosi unakuja. Jina hilo likifika Masasi, Burigita atafanya mtihani na mwanangu atabaki na bomba. Nikasogea.

"Baba Flashi, samahani. Ni B, halafu r. Hapo katikati usiweke mtu."

"Mama, mimi nina shahada mbili."

"Najua, Baba Flashi. Sasa r."

Akaandika Bligita. Mtoto mmoja wa mbele akamtolea kifutio chake bila kuambiwa. Akafuta, akauma ulimi, akaanza tena, nami namtajia herufi moja moja kama ninavyomlisha mgonjwa. Safari hii likakaa: Brigita. Mwalimu akasahihisha kwa wino mwekundu, akagonga mhuri wa shule, akaandika juu: Kazi ya mwanafunzi Flashi. Karatasi ikashuka Masasi na basi la mchana. Wakaipokea bila swali, kwa sababu utaratibu unataka jina liandikwe kwenye flashi, na hili limeandikwa na Flashi mwenyewe. Brigita alifanya mtihani wake akiwa na dawati na jina.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, flashi yako ikikataa kuandikwa, tazama kitufe cha ubavuni. Jaribu kompyuta nyingine. Ikikataa bado, nakili yaliyomo, nunua nyingine, rudi nyumbani kimya kimya. Usiende ofisini kusema inasoma, haiandiki.

Flashi amepandishwa la pili, amefaulu kuandika. Lakini baba yake amebakizwa la kwanza, ana makosa mengi. Abdulazizi anamletea mafaili pale pale dawatini. Jana nilipita nikamkuta amenyoosha kidole.

"Mwalimu, naomba ruhusa niende ofisini."

"Maliza kwanza mstari wa r, Baba Flashi."