Gundi ya Viti kwenye Mtumbwi wa Marehemu

Jamaa zangu wa karakana ya Tororo, leo mwenzenu nimeaibika hadi nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Mnajua Taaka wangu amejifungua. Mtoto mzima, lakini mama mtu siku ya tatu hii hali chakula, hacheki, ameugeukia ukuta. Neno lake moja tu: "Namtaka mama." Na mama yuko ng'ambo ya Mto Sio, mto umefurika, daraja la magogo limekwenda na maji. Kuzunguka ni mwendo wa siku nzima, magoti ya mama hayawezi. Jana nikazunguka mimi.

Nyuma ya jiko lake kuna mtumbwi wa mbao wa marehemu baba mkwe. Chini una ufa wa kupitisha vidole viwili. Mama mkwe akasema nami akiwa ndani ya nyumba (kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, kugusana ndiyo kabisa):

"Mkwe, marehemu alikuwa naziba hiyo na kamba ya mgomba, halafu nashona."

"Mama, mimi ni fundi. Kiti cha Bwana DC nimetengeneza mimi!"

(Kiti hakijawahi kuelea. Hilo sikulifikiria.)

Nikachemsha gundi yetu ya ngozi, nikabandika kiraka cha mbao, nikapiga misumari miwili ya kusindikiza. Asubuhi ya leo kilikuwa kigumu kama jiwe. Nikajisifu kwa sauti!

Tukaingia mtoni. Mama mkwe mbele na kuku wake, kanipa mgongo. Mimi nyuma na kasia. Katikati ya mto gundi ikageuka uji! Kiraka kikang'oka, msumari mmoja ukabaki umesimama. Mama hajui kuogelea. Nikafanya lililonijia: nikakalia tundu. (Na msumari.)

"Mkwe, nasikia maji."

"Ni ya mto, mama."

"Ya mto iko kwa miguu yangu."

Akachukua kibuyu, akaanza kuchota maji na kuyamwaga. Hakugeuka hata mara moja.

Tukafika. Wanawake wa jirani wamejaa ukingoni, na Taaka wamemtoa hadi mlangoni pa nyumba yetu, hapo juu ya ukingo, kajiegemeza. Nikaruka kumshikia mama mtumbwi. Mimi nilitoka. Makalio ya suruali yalibaki kwenye msumari.

Mama mkwe, bado kanipa mgongo, akafungua leso yake ya juu akairusha nyuma.

"Mkwe, jifunge. Mimi sijaona kitu."

(Peke yake asiyeona, ukingo mzima!)

Ndipo nikasikia kicheko mlangoni. Taaka! Anacheka kajishika tumbo. "Mama, umeona mume wangu?" Kisha akasema, "Nipeni uji." Nikalia, jamani, nimesimama pale na leso ya mama mkwe kiunoni.

Amekunywa mabakuli mawili. Sasa amelala, mama yake kando, mtoto katikati.

Basi chekeni, ila polepole msiwaamshe. Na atakayekuja kumwona mtoto aniletee suruali. Gundi ibaki huko huko.