Kamusi Yenu Inataka Kuozesha Ndugu

Ndugu Mhariri wa Kamusi ya Kiingereza,

Salamu tele. Mimi ni kinyozi mzee, mtaa mzima wananiita Babu Kisogo, maana mtu akinipa mgongo tu, natazama kisogo chake nakutajia babu yake. Sijakosea hata siku moja, na wanaosema nimekosea wana vichwa vibaya.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mjukuu wangu, mwalimu wa Kiingereza, anaolewa na fundi baiskeli. Kijana mzuri, simkatai. Lakini alipokaa kitini nimnyoe, nikaweka mkasi chini. Kisogo ni cha marehemu kaka yangu, mpaka ule mfinyo wa nyuma ya sikio! Nikatangaza palepale, wateja wana povu mashavuni: hawa damu moja, harusi hakuna.

2. Mjukuu hakulia. Angelia ningemwelewa. Kaenda kuleta kitabu chenu, kizito kama tofali, kakibwaga juu ya taulo zangu safi. "Babu, kufanana si undugu. Tazama." Kanionyesha "male" na "female", moja mwanamume, moja mwanamke. Hata mimi, ambaye shule niliipita tu nikienda kwingine, nikaona huyu ni yule, ila kavaa kofia. Eti hapana! Eti huko kwenye Kilatini kila neno lina mzizi wake, na hili la mwanamke watu walilibadilisha sura baadaye lifanane na mwenzake. Mhariri, nani kawaruhusu kunyoa maneno? Hiyo kazi yangu.

3. Nikasema hiyo ajali moja tu. Kafungua tena: "island" na "isle". Yote kisiwa! Kumbe nayo si ndugu. La kwanza la Waingereza wenyewe tangu kale, la pili limetoka Kilatini likapitia kwa Wafaransa, na ile s ya la kwanza ilibandikwa kwa makosa. Wateja wakapiga makofi. Hata yule niliyemnyoa upande mmoja, naye akapiga.

4. Sasa mtaa umeharibika. Muuza mkaa, ambaye mwanawe ni yeye mtupu aliyepunguzwa urefu, kaanza kusema labda ni kufanana tu. Mkewe kanijia mimi na mwiko!

Kwa hiyo naomba kwa heshima mfute asili zote, muandike kwamba yanayofanana ni ndugu, na ndugu hawaoani. Fanyeni haraka, harusi ni Jumamosi.

Nisalimieni wapiga chapa, mfagiaji, na yeyote hapo ofisini mwenye kisogo bapa. Huyo ni wetu.

Wenu mwenye mkasi mkononi,
Babu Kisogo

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha, bibi yake bwana harusi akaingia kunisalimu. Kanizunguka, kanitazama nyuma, kapiga ukelele: eti mimi ndiye yule mpangaji aliyetoroka na cherehani yake! "Kisogo ndicho hikihiki!" Na wateja wangu, wanafiki wakubwa, wote wanaitikia. Mhariri, naapa huyu mama sijawahi kumwona. Msifute hata neno moja. Nileteeni kamusi nyingine, iliyo nene zaidi, nimsomee leo hii. Harusi ipo, tena namnyoa bwana harusi bure.