Vilima vya Asili vya Kata ya Itungwi

Dhuluma ilikomeshwa rasmi katika Kata ya Itungwi siku ya Jumapili, kwa spika mbili zilizofungwa juu ya gari, watu walipokuwa wakitoka misa ya kwanza. Ilitangazwa kwamba tangu siku hiyo kila kura itakuwa na uzito sawa na nyingine, iwe ya mwenye trekta au ya mwenye jembe la kuazima. Ili kulisimamia jambo hilo, Mheshimiwa Diwani Oswaldi alikuwa ameunda Kamati Maalumu ya Kusawazisha Uwakilishi, na Kamati Maalumu ya Kusawazisha Uwakilishi, baada ya kutafakari kwa kina, ilikuwa imemchagua Mheshimiwa Diwani Oswaldi kuwa mwenyekiti wake. Watu walipiga makofi kwa nguvu, maana upepo wa Ufipa asubuhi ile ulikuwa wa baridi kali na makofi yanapasha mikono.

Hoja yenyewe ilikuwa safi kabisa. Itungwi ilikuwa imefurika watu. Nsongola, kata ya jirani iliyoko ng'ambo ya kijito, ilikuwa na watu wa kuhesabika, na bado kila kata ilikuwa na diwani mmoja.

"Mtu wa Nsongola anapata karibu diwani mzima," Mheshimiwa alieleza kwenye spika. "Wewe wa Itungwi unaambulia mkono na sikio. Hiyo ni haki?"

"Siyo!"

"Na sikio lenyewe halisikii," alisema mtu mmoja huko nyuma, lakini spika ilimfunika.

Dawa ilikuwa kuwahamishia Nsongola watu waliozidi. Ni nani hasa waliozidi? Mheshimiwa alilitazama swali hilo kwa jicho la kitaalamu, bila kumpendelea mtu, akagundua kwamba waliozidi ni wale waliomnyima kura. Kwa bahati nzuri wengi wao walikaa mahali pamoja, katika kitongoji cha Msia, pembezoni mwa kata kuelekea kijitoni. Huko waliishi wakulima wa mahindi na ulezi ambao makaburi ya babu zao yako hapohapo, pamoja na wafugaji waliokuja na ng'ombe wao kutoka Usukuma, wakapewa mahali, wakazaa, na sasa walikuwa wakinung'unika kwa Kifipa kama wenyeji.

Manung'uniko ya Msia yalihusu zahanati. Watu wa Msia ndio waliofyatua matofali yake, wakayachoma, wakayabeba kichwani mpaka jirani na ofisi ya kata, wakapandisha kuta zikafika usawa wa madirisha. Mabati waliambiwa yako njiani. Yalikuwa yamekaa njiani muda mrefu kiasi kwamba ndani ya chumba cha kujifungulia ulikuwa umeota mbarika wenye kivuli kizuri. Hilaria, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Msia, alikuwa ameanza kusema kwamba uchaguzi ukija atagombea udiwani yeye mwenyewe, amalizie paa. Alisema hivyo sokoni, hadharani, bila kushusha sauti, jambo ambalo Kamati ililitafsiri kama dalili ya msongamano wa watu.

Kwa hiyo katika kikao chake cha kwanza Kamati ilipitisha Kanuni ya Mkazi Halisi: mgombea udiwani sharti awe ni mtu ambaye moshi wa jiko lake unafuka ndani ya kata. Mheshimiwa aliitunga mwenyewe na aliipenda kama mtoto wa mwisho.

"Mheshimiwa, na anayepikia gesi?" aliuliza Vitus, mtendaji wa kata, ambaye alikuwa pia katibu wa Kamati.

"Andika: moshi, au nia ya moshi."

Kanuni ikapelekwa juu, ikarudi na muhuri. Huko juu waliipenda kwa sababu ilikuwa fupi.

Ikabaki kazi ya kuchora mpaka, na mwezi wa tatu halmashauri ikamleta mtaalamu wa ramani, kijana mpole anayeitwa Timoth, amevaa masweta mawili. Kifaa chake cha kupimia kiliishiwa chaji kabla ya kupima chochote. Saruji ya vigingi nayo ilikuwa imepatwa na dharura ikaelekea kwenye msingi wa uzio wa Mheshimiwa. Nyumba ya Mheshimiwa, yenye paa la bluu, ilikuwa kwenye mwinuko upande uleule wa Msia, kando ya kijito, mbali na kelele za wapiga kura. Hilo liliipa Kamati mtihani: mpaka ulitakiwa upite mbele ya Msia, uiache nje, kisha upinde upite nyuma ya Mheshimiwa, umwache ndani.

Ndipo Mheshimiwa alipoziona intumba.

Kila Mfipa anajua intumba ni nini. Mvua zikielekea ukingoni, watu wanaingia kwenye shamba lililopumzika, wanalima majani, wanayalundika na kuyafunika udongo, yanakuwa vichuguu vya mviringo, safu kwa safu, na juu yake yanapandwa maharage. Majani yanaoza humo ndani. Mvua za msimu unaofuata zikianza, vichuguu vinabomolewa, mbolea inasambazwa, ulezi unapandwa, na intumba mpya zinapigwa kwenye shamba jingine lenye majani. Kila Mfipa anajua. Timoth alizaliwa Tanga.

Mwaka ule safu ilianzia mbele ya nyumba za Msia, ikakata kona, ikateremka nyuma ya uzio wa Mheshimiwa, utadhani Mungu naye ni mjumbe wa Kamati.

"Mheshimiwa," aliuliza Timoth, "hivi vilima ni vya asili?"

Mheshimiwa alikohoa. "Bwana mtaalamu, hivi vilima babu yangu alivikuta."

Na hakusema uongo. Babu yake alizikuta intumba, na babu wa babu yake vilevile.

"Kwa hiyo ni vya kudumu?"

"Mimi nimekua navyo."

Timoth akaandika kwamba mpaka utafuata safu ya vilima vya asili, utahakikiwa baada ya mvua za mwakani, na utakavyoonekana siku hiyo ndivyo utakavyotumika kwenye uchaguzi. Vitus, aliyezaliwa Chala na kukuzwa kwa maharage ya intumba, alitazama mawingu. Mtaalamu alipoondoka, swali likamtoka.

"Mheshimiwa, zile si zitabomolewa?"

"Ndiyo raha yake! Kigingi cha saruji ukishakichimbia umekwisha. Huu tunausogeza kwa jembe kila watu wanapozidi. Ni mpaka unaokwenda na wakati, Vitus."

Hilaria alikuja ofisini siku ya soko, kanga ya pili imefungwa kiunoni.

"Mheshimiwa, nasikia sisi siyo watu wako tena."

"Hamjafukuzwa, mama. Mmesawazishwa."

"Na zahanati yetu?"

"Zahanati ni ya wakazi wa Itungwi."

"Matofali ni ya Msia."

"Tofali halina kata, mama."

"Mwanangu Epifania alijifungulia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, baba, hatujafika hata kituo cha afya cha Kaengesa. Mtoto hakulia. Ndiyo maana tulifyatua yale matofali. Leo unaniambia hayana kata?"

Mheshimiwa alimweleza kwamba uwakilishi ulio sawa una maumivu yake, na kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hakufafanua nani ainame. Hilaria alitoka na machozi ambayo hakuyafuta. Mheshimiwa, ambaye si mtu mbaya, alisubiri afike mlangoni ndipo akaagiza chai.

Mvua za msimu mpya zilikuja kwa wakati. Vilima vya asili vya Kata ya Itungwi vikabomolewa na kusambazwa, ulezi ukapandwa juu ya mpaka, ukaota vizuri sana. Mwezi wa pili ulipoisha Mheshimiwa alikumbuka kwamba uhakiki unakaribia na nchi haina vilima. Akatangaza msaragambo: akina mama wa Msia waje na majembe kupiga intumba, kama mchango wao katika utunzaji wa mazingira. Na kwa kuwa wangekuwa wameshika majembe tayari, akaona haina ubaya wakipitia pia shamba la mke wake, Monika, lililokuwa limepumzika mbele ya nyumba, majani yamefika magotini. Kisha akaenda mjini Sumbawanga kwenye semina ya utawala bora.

Vitus alimpigia simu saa ya chakula cha mchana.

"Mheshimiwa, palepale pa mwaka jana pana ulezi. Akina mama wanauliza, nani anapiga intumba juu ya ulezi?"

Mheshimiwa alikuwa na paja la kuku mkononi, na aliyekuwa mbele yake kwenye foleni alikuwa anaelekea kulimaliza bakuli la pilau.

"Wapige popote penye majani! Safu ionekane tu. Na shamba la Monika wasilisahau."

Vitus aliwafikishia akina mama maneno hayo jinsi yalivyo. Hilaria aliyasikiliza mpaka mwisho, akaomba yarudiwe, kisha akashika mpini. Palipokuwa na majani ni nyuma ya Msia, kando ya kijito, na mbele ya nyumba yenye paa la bluu. Wakapiga kutoka huku mpaka kule, wakiimba. Monika aliwapikia togwa, akapanda maharage jioni ileile. Mheshimiwa alirudi kutoka kwenye semina usiku, na asubuhi alizitazama intumba za mke wake dirishani kwa furaha ya mtu aliyelimiwa bure.

Siku ya uhakiki ulikuja msafara wa magari, na ndani yake Timoth, kifaa kimejaa chaji, pamoja na mkubwa mmoja mwenye kofia ambaye hakupenda kutembea. Watu walijazana. Timoth alianza kufuata vilima: vilipita nyuma ya Msia, vikaiacha yote ndani ya Itungwi, nyumba, mazizi na ng'ombe. Vikakata kona. Vikapanda mwinuko, vikapita mbele ya nyumba yenye paa la bluu, vikaiacha nje.

Timoth alijikuna kichwa. "Mheshimiwa, kumbukumbu yangu mbovu. Nilidhani vilima viko nyuma ya nyumba yako."

"Vilikuwa nyuma!"

"Vilima vya asili vilikuwa nyuma, vikaja mbele?"

"Siyo vilima hivi!" Mheshimiwa alipiga teke kimoja, kikatoa majani yaliyoanza kuoza. "Hizi ni intumba! Ni nyasi na udongo! Muulize Mfipa yeyote!"

"Mfipa niliyemuuliza ni wewe," alisema Timoth kwa upole.

Mkubwa mwenye kofia alishuka garini, maana sasa jambo lilikuwa limegusa heshima ya serikali.

"Ngoja nielewe. Sisi tuliweka mpaka kwenye nyasi?"

Watu walimtazama Mheshimiwa. Yeye alikuwa anakung'uta udongo kwenye kiatu.

"Haiwezekani," aliendelea mkubwa. "Serikali haiweki mpaka kwenye nyasi. Serikali ilishatamka kwamba ni vilima vya asili. Kwa hiyo ni vilima vya asili. Kuna mwananchi mwenye maoni tofauti?"

"Hata babu yangu alivikuta," alisema Hilaria.

Msia nzima ikaitikia kwamba babu zao nao walivikuta. Mzee mmoja mfugaji, ambaye babu yake alizikwa Shinyanga, aliapa kwamba hata wa kwake alivisikia.

Mheshimiwa hakukata tamaa. Alinyoosha kidole kwenye jiko la nyuma, ambako Monika alikuwa anasonga ugali wa msafara. Upepo ulikuwa unauchukua moshi, unauvusha juu ya vilima, unauingiza Itungwi.

"Tazameni! Moshi wangu unaingia kwenye kata! Unaingia wote!"

Vitus alipekua Kanuni ya Mkazi Halisi kwa huzuni ya mtumishi mwaminifu. "Mheshimiwa, imeandikwa *unafuka ndani ya kata*. Ulisema mwenyewe upepo tusiutambue, utaleta mamluki."

Timoth akabonyeza kifaa chake, kikalia, na uwakilishi ukawa umesawazishwa.

Msafara ulipoondoka Mheshimiwa alimwendea mke wake mbio, akamtaka azibomoe zile intumba mara moja, kwa maslahi ya taifa.

"Maharage yangu yametoa maua," alisema Monika. "Atakayeyagusa atajipikia mwenyewe mpaka Krismasi."

"Monika, mimi ni diwani!"

"Wa wapi?"

Mheshimiwa alikaa kwenye kiti cha barazani. Chini kule, mbele ya maharage, gari la spika lilikuwa linapita likitangaza kwamba Hilaria amechukua fomu, na kwamba kila kura ina uzito sawa na nyingine, sauti ileile, spika zilezile. Kwenye zahanati vijana wa Msia walikuwa wanaukata mbarika. Mheshimiwa alisikia shoka likigonga, akatambua kwamba huko Itungwi hana hata kura moja ya kumnyima mtu. Iliuma sana, tusifiche.

Asubuhi yake akaja dada mmoja mchangamfu kutoka ng'ambo ya kijito, sketi imeloa magotini. Alikuwa Jenifa, mwenyekiti wa kitongoji cha karibu cha Nsongola.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Karibu sana Nsongola. Kesho tuna msaragambo, diwani wetu amesema asikose mtu. Uje na jembe."

"Msaragambo wa nini?"

"Diwani anasema huku kwetu sasa watu wamezidi. Anataka vilima."

Mheshimiwa Oswaldi aligeuka kuyatazama maharage ya mke wake. "Vilima vya asili?"

"Vya asili, baba. Vinatakiwa viwe tayari Ijumaa."